Weka Koleo Chini: Notwidi ya Kijapani Nyuma ya Banda Lako

SWALI: Tulinunua nyumba yetu hapa Uingereza miaka miwili iliyopita. Mwezi huu wa Aprili nimeona machipukizi mekundu nyuma ya banda la bustani. Nilipochungulia juu ya uzio, nikaona kwa jirani kuna mabua makavu kama mianzi, marefu kuliko mimi. Shemeji yangu anasema ni notwidi ya Kijapani, na yuko tayari kukodi mashine Jumamosi aichimbe iishe. Muuzaji alijibu “Hapana” alipoulizwa kwenye fomu kama gugu hilo lipo. Je, tuchimbe? Nyumba itaanguka? Benki itatukataa tukitaka kubadilisha mkopo? Na watoto wacheze huko nje au niwazuie? (Mama Salma)

JIBU: Mama Salma, kabla hujamaliza kusoma, mpigie shemeji simu umwambie mashine asiikodi. Nia yake ni njema na nguvu zake zitahitajika baadaye, lakini siku moja ya kuchimba inaweza kukigeuza kichaka kimoja nyuma ya banda kuwa vichaka kumi bustani nzima. Nimelitibu gugu hili kwenye makazi ya watu kwa miaka mingi, na bustani zilizonitesa kuliko zote ni zile ambazo mtu mwenye bidii alitangulia na koleo kabla sijafika.

Sababu iko chini ya udongo. Notwidi, ambayo jina lake la kitaalamu ni Reynoutria japonica, ina shina linalolala ardhini mfano wa tangawizi. Tuliite tunguu. Huo ndio mmea wenyewe. Majani unayoyaona juu kazi yake ni kulilisha. Aliyewahi kupalilia ndago atanielewa haraka: unang'oa, unafurahi, wiki mbili baadaye zimerudi, kwa sababu ulichukua majani ukaacha kiazi. Basi chukua tabia hiyo ya ndago, uipe tunguu linaloweza kutambaa mita kadhaa kutoka kwenye mabua na kushuka hadi mita 2 au 3, halafu ujue kwamba kipande cha tunguu chenye uzito wa gramu 0.7 tu kimeonekana kuchipua mmea kamili. Kipande kama hicho huoni kikianguka. Kinanasa kwenye meno ya kijiko cha mashine, kwenye tairi, kwenye soli ya kiatu cha shemeji, na kinashuka popote atakapokanyaga.

Tena hapa Uingereza gugu hili haliishi kwa mbegu. Karibu notwidi yote ya Kijapani iliyoko nchini ni ya kike, na kwa vinasaba ni mmea mmoja uliogawanywa vipande na kupelekwa kila mahali. Daktari na mtafiti wa mimea Philipp Franz von Siebold aliutoa Japani akaukuza Leiden, Uholanzi. Mwaka 1847 ukapewa medali ya dhahabu Utrecht kwa uzuri wake, na mwaka 1850 ukafika bustani ya Kew mjini London. Kutoka hapo wauza miche waliuuza, majirani wakapeana kama zawadi. Mwaka 1886 ulirekodiwa ukiota wenyewe nje ya bustani huko Maesteg, kusini mwa Wales. Likumbuke jina hilo la Maesteg, tutalirudia. Ninalotaka ulione ni hili: kwa zaidi ya miaka 150 mmea huu umesafiri kwa mikono ya watu, kwa udongo wao na maji ya mito yao. Ndiyo maana silaha yako ya kwanza ni kutousafirisha.

Sasa, hakikisha kwanza kwamba ndiyo yenyewe. Nimeitwa mara nyingi kutazama “notwidi” nikakuta mianzi ya kawaida, mlilaki mchanga au mmea fulani wa kutambaa. Maelezo yako yanatia shaka ya kweli: machipukizi mekundu-zambarau mwezi wa Aprili, tena karibu na mabua makavu ya mwaka jana. Endelea kutazama. Kufikia Juni bua litakuwa la kijani lenye madoadoa ya zambarau, lina pingili, na ukilikata ni tupu ndani. Majani hupangana upande huu na upande ule, jani moja kwa kila fundo, hata kitawi huonekana kama kimekunjwa kunjwa. Jani lenyewe lina umbo la ngao: kitako kimenyooka kana kwamba kimekatwa kwa kisu, ncha imechongoka. Maua madogo ya rangi ya maziwa huja mwishoni mwa Agosti na Septemba. Tunguu, ikitokea ukaliona, huvunjika kwa mlio kama karoti, na ndani ni la rangi ya chungwa. Lakini usilichimbue kwa ajili ya kuhakiki. Piga picha leo, piga tena baada ya wiki mbili, na uweke rula kando ili kimo kionekane. Mmea huu unapopamba moto huweza kurefuka sentimita 10 kwa siku; picha mbili tu zitasema mengi.

Picha hizo zihifadhi pamoja na tarehe zake. Utazihitaji kwa jirani, kwa wakili na kwa benki.

Tiba inayofanya kazi kwenye bustani ya nyumba ni dawa ya kuua magugu inayoingia ndani ya mmea, na hasa glaifoseti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea walilinganisha njia nyingi kwenye viwanja vya majaribio, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yaliipa glaifoseti nafasi ya kwanza. Yalionyesha pia kwamba hakuna njia hata moja iliyoling'oa gugu kabisa ndani ya miaka 3. Weka hilo moyoni kabla hujasaini mkataba na yeyote anayekuahidi kulimaliza msimu mmoja.

Kinachoamua ni wakati wa kupiga dawa. Katika majira ya kuchipua chakula kinapanda: tunguu linatoa akiba yake kujenga mabua. Ukinyunyiza wakati huo unaunguza majani, unaridhika, na chini hakuna kilichobadilika. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi vuli mapema, maua yanapotoka na kupita, mkondo hugeuka. Majani yanashusha sukari kwenye tunguu kwa ajili ya baridi, na glaifoseti hushuka nayo. Kwa hiyo, ingawa roho yako inataka kitu kifanyike wiki hii, ushauri wangu ni uiache notwidi ikue msimu huu mpaka Agosti au Septemba. Usiikate na usiifyeke kwa mashine ya kufyekea nyasi. Majani mapana ndiyo mlango wa dawa. Ukiyakata unaufunga mlango mwenyewe. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi, nami sikulaumu ukiona uchungu kulitazama likipanda mita 2 mbele ya dirisha lako.

Unaweza kununua dawa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya nyumbani na kuipiga mwenyewe kwa kufuata lebo. Sheria hailazimishi mtaalamu kwenye bustani yako. Lakini kwa hali yako, yenye jirani, muuzaji na benki, sipendekezi. Unachonunua kwa mtaalamu ni dawa pamoja na karatasi: mpango wa matibabu wa miaka kadhaa, kumbukumbu ya kila ziara, na dhamana inayolindwa na bima, ambayo mara nyingi ni ya miaka 10. Ukinyunyiza mwenyewe miaka minne hata ukafanikiwa, siku ya kuuza hutakuwa na ushahidi ambao benki itaukubali. Tafuta kampuni iliyo mwanachama wa chama cha kitaaluma kama Property Care Association, uulize dhamana ni ya miaka mingapi na bima inalipa nani kampuni ikifa. Jibu la swali hilo la pili uliombe kwa maandishi. Tena, kama kuna kijito au mtaro wa maji karibu, useme mapema, kwa maana kupiga dawa kando ya maji kunahitaji idhini ya Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England.

Mwaka wa pili na wa tatu kutatoka vitu vya ajabu: vijani vidogo vilivyokunjamana, vijiti vyembamba vilivyodumaa. Huo ni mmea mgonjwa, bado haujafa, na majani yake ni madogo mno kupokea dawa nyingi. Ndiyo maana ziara za mwishoni zinahitaji uvumilivu kuliko ya kwanza. Hata ardhi ikikaa kimya misimu miwili, tunguu linaweza kuwa limelala tu. Mahali hapo usichimbe msingi wa banda jipya wala usihamishe udongo wake bila kumwuliza aliyekutibia.

Kuchimba kuna nafasi yake, sitaki uelewe vibaya. Mtu anayetaka kujenga chumba cha ziada mahali hapohapo mwaka huu hana miaka minne ya kungoja. Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu: wanachimba wakiangalia kila ndoo, wanaosha mashine kabla haijatoka, na udongo unaondoka kama taka zinazodhibitiwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1990, kwa msafirishaji aliyesajiliwa, hadi jalala lenye kibali cha kuupokea. Gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya dawa. Shemeji akijaza udongo huo kwenye kontena la kawaida la taka, nyote wawili mnaweza kujikuta mmevunja sheria. Vivyo hivyo pipa la taka za bustani: usitie humo hata jani. Wala usiuweke mmea kwenye mboji. Mabua yaliyokufa kabisa na kukauka wakati wa baridi yanaweza kukatwa kwa mkasi, yakaachwa palepale juu ya turubai. Kichwa cha shina, yaani pale mabua yanapoungana na tunguu, na tunguu lenyewe ni habari nyingine: hata moto mara nyingine hauviui.

Tuje kwa jirani. Kama mabua yake ni marefu na mazee, inawezekana gugu lako limetoka kwake, ingawa huenda pia ni kinyume chake. Usianze na lawama. Mwendee, mwoneshe picha, umwombe mtibiwe pamoja, kwani tunguu halijui uzio na kutibu upande mmoja ni kutupa pesa. Kampuni nyingi hukubali mpango mmoja kwa nyumba mbili. Baada ya mazungumzo mwandikie barua fupi ya heshima yenye tarehe, na ubaki na nakala. Barua hiyo si ya ugomvi. Mahakama hutazama sana mwenye ardhi alijua lini, na barua yako ndiyo inayoweka siku hiyo wazi.

Na hapa ndipo Maesteg inaporudi. Wamiliki wa nyumba mbili mjini humo waliishtaki Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli, kwa sababu ya notwidi iliyokuwa kwenye ardhi ya reli nyuma ya nyumba zao, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Ilisema kwamba kuwepo tu kwa tunguu kwenye ardhi ya mtu kunaweza kuwa kero ya kisheria, kwa kuwa kunamnyima matumizi huru ya ardhi yake, hata kama ukuta haujapata ufa. Ilisema pia kwamba kushuka kwa bei peke yake si msingi wa dai. Kesi nyingine, ya mwenye nyumba dhidi ya halmashauri ya Bridgend, wilaya ilimo Maesteg, ilifika Mahakama ya Juu, na mwezi Mei 2024 mwenye nyumba huyo alishindwa kudai fedha za thamani iliyobaki chini, kwa kuwa gugu lilikuwa limeshaingia kwake na kushusha bei kabla halmashauri haijaanza kukosea wajibu wake. Kwa hali yako maana yake ni hii: sheria inaweza kumbana jirani anayejua na asitende, lakini usitegemee kwamba itakurudishia kila pauni. Jirani akipuuza kabisa, halmashauri ina uwezo wa kumpa notisi chini ya sheria ya mwaka 2014 kuhusu kero za kijamii. Usithubutu kunyunyiza dawa juu ya uzio usiku. Hiyo ni mali yake, na kosa litakuwa lako.

Huenda una hofu pia kwamba kuwa na gugu hili ni kosa la jinai. Si kosa. Sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 inakataza kulipanda au kulisababisha liote porini. Kuwa nalo bustanini hakukatazwi, na hulazimiki kuliripoti popote.

Muuzaji ni suala zito zaidi. Fomu aliyoijaza inaitwa TA6, na swali la notwidi lina majibu matatu: ndiyo, hapana, sijui. Maelekezo yake yamekuwa yakimtaka anayejibu “Hapana” awe na uhakika kwamba hakuna tunguu ardhini, wala ndani ya mita 3 kutoka mpakani, hata kama juu hakuonekani kitu. Asiye na uhakika alipaswa kusema hajui. Mwaka 2023 mnunuzi mmoja London alimshinda muuzaji aliyejibu hapana. Gugu lilikuwa nyuma ya banda, kama lako, na muuzaji alidai kichaka kingine kilimzuia asilione. Fidia ilikuwa £32,000, lakini pamoja na gharama za mawakili mzigo wake ulizidi £200,000. Tazama uwiano wa namba hizo mbili kabla hujafungua kesi, kwa maana angeshindwa mnunuzi, mzigo huo ungemwelekea yeye. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka 6, kwa hiyo una nafasi ya kwenda taratibu. Mwambie mtaalamu atakayekuja akadirie kwa maandishi umri wa gugu hilo na aseme kama linaonyesha dalili za kukatwa au kupigwa dawa zamani. Kichwa cha shina kilichokomaa hakijifichi. Ripoti hiyo mpelekee wakili wa mambo ya ardhi, pamoja na nakala ya TA6 na ripoti ya mkaguzi uliyemlipa wakati wa kununua.

Kuhusu nyumba kuanguka: haitaanguka. Hadithi za notwidi kutoboa zege zima zimewakosesha watu usingizi bure. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na kampuni ya AECOM walichapisha uchunguzi uliojumuisha nyumba 68 kwenye mitaa mitatu kaskazini mwa England iliyovamiwa na gugu hili. Hawakukuta ushahidi kwamba linaharibu majengo kuliko mimea mingine. Miti mikubwa ina madhara zaidi. Linachofanya ni kutumia ufa uliopo tayari: kwenye lami nyembamba, kwenye mawe ya njia, kwenye ukuta dhaifu wa bustani, kwenye bomba bovu la maji machafu. Kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza ilisema mwaka 2019 kwamba wakopeshaji wamekuwa na tahadhari kupita kiasi. Ile kanuni ya mita 7, iliyohesabu kuwa ni hatari gugu likiwa ndani ya mita 7 kutoka kwenye jengo na kuzifanya benki nyingi kukataa nyumba, chama cha wakaguzi RICS kiliiondoa katika mwongozo wake wa 2022. Sasa mkaguzi hupanga hali kwenye makundi manne, A hadi D, akitazama kama kuna uharibifu wa jengo, kama gugu linakuzuia kutumia bustani, au kama liko kwa jirani tu ndani ya mita 3 kutoka mpaka wako.

Kwa hiyo benki haina sababu ya kukufungia mlango. Itakachotaka ni mpango wa matibabu uliolipiwa na dhamana yenye bima. Mara nyingine itashikilia sehemu ya fedha mpaka matibabu yaanze. Usilifiche. Ukija kuuza, TA6 itakuwa mbele yako wewe, na jibu lako litakuwa “Ndiyo”, likiambatana na faili.

Watoto wacheze. Notwidi haina sumu. Japani huiita itadori, na vichipukizi vyake vichanga huliwa. Huku kwako usiruhusu mtu avionje, kwani hujui muuzaji au jirani amewahi kupiga dawa gani. Zungushia kamba mita kadhaa kuanzia kwenye machipukizi, uwaambie akina Salma kwamba ndani ya kamba hakuna kuchimba wala kuvunja vijiti kwa mchezo, na viatu vinavyoingia humo vipigwe brashi palepale kabla havijatoka. Siku ya dawa wabaki ndani mpaka majani yakauke kama lebo inavyosema. Sehemu iliyobaki ya bustani ni yao.

Na shemeji, kama bado anatafuta kazi ya Jumamosi, akusaidie kufunga hiyo kamba.